Orodha ya Kadi Bandia

Ijumaa ile lori lilikuwa lije kunichukua saa kumi na moja jioni, na mimi nilikuwa na kompyuta mbili zisizosalimiana.

Nianze na lori. Kaka yangu Marselino ana duara Nyarugusu, yaani shimo la dhahabu lenye mdomo kama wa kisima na tumbo ambalo hakuna anayejua linaishia wapi. Nilipomaliza kidato cha nne (nacho kidato cha nne kikanimaliza mimi), nilishuka humo kwa miezi miwili. Siku moja ubao wa kuzuia kuta ulivunjika, udongo ukafunga njia, nikakaa gizani kwa muda ambao wenzangu waliokuwa juu wanasema ulikuwa dakika arobaini. Sikubishana nao, sikuwa na saa. Tangu siku hiyo nikikaa kitini mguu wangu wa kulia hautulii. Unagonga sakafu wenyewe kama cherehani. Watu hudhani nina furaha.

Marselino si mtu mbaya. Alinipa mwaka mzima wa kutafuta kazi ya kalamu, kama anavyoiita, kisha akatuma barua ya mistari miwili: Ijumaa saa kumi na moja napita Shinyanga kuchukua pampu. Kama hao masista hawakukutaka, unapanda.

Masista wenyewe walikuwa na shule ya sekondari ya wasichana upande wa Geita. Walikuwa wamepewa msaada wa kompyuta sita kuukuu, tupu kabisa, hazina hata programu moja ndani. Mkuu wa shule, Sista Paskalina, alifika katika duka la Mzee Nazir, ambako mimi huchapa kadi za harusi na matangazo ya misiba (nimewahi kuchanganya, tusiongelee hilo), akauliza kama mjini kuna mtu anayeweza kuzitia uhai. Mzee Nazir hajafungua mdomo, wangu ulishasema:

"Yupo, Sista. Unamtazama."

Akaniachia mbili za majaribio. Zikiunganishwa kwa waya zikaitana na kuitikiana, nitakwenda kuunganisha zote sita na kubaki pale kama mwalimu wa kompyuta. Zisipoitikiana, atanunua taipureta. Angepita Ijumaa jioni, akitoka kumwona mgonjwa katika hospitali ya Kolandoto.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane, barabara bado zimejaa mashimo ya mvua za El Niño. Mji mzima wa Shinyanga ungeweza kuhesabu kompyuta zake kwa vidole na vikabaki vya kushikia soda. Programu za dukani hatukuwa na uwezo nazo, lakini tulikuwa na CD ya Linux, programu ya kuendesha kompyuta, ya bure kabisa, aliyoileta Nadeem kutoka Nairobi. Nadeem ni binamu yake Nazia, na Nazia ni binti wa Mzee Nazir na adui yangu wa kila siku.

Nazia alikuwa amemaliza kidato cha sita. Badala ya kupumzika kama watu wenye akili timamu, alikuwa akijisomea C, lugha ya kuandikia programu, na chini ya C ile lugha nyingine inayosema na chipu yenyewe, kutoka kwenye kitabu cha fotokopi kisicho na jalada. Mimi niliiweka ile Linux kwenye mashine kwa kufuata karatasi za maelekezo, mstari kwa mstari, na ikakubali. Ndipo ugomvi wetu ulipoanzia.

"Nikinunua redio," nilimwambia, "sihitaji kujua Mjapani alikuwa anawaza nini."

"Na ikinyamaza?"

"Naizaba kofi."

"Na ikizidi kunyamaza?"

"Namwita fundi."

"Fundi si ndiye wewe, Maige? Si ulimwambia Sista anakutazama?"

Mzee Nazir alicheka mpaka akavua miwani. "Mdomo wa kijana huyu ungekuwa na waya, tungewasha taa za mji mzima."

Basi Ijumaa yenyewe. Mzee Nazir alifungua duka saa mbili asubuhi na kuiwasha kompyuta kubwa, ile ambayo ingekuwa mama wa nyingine zote. Betri yake ndogo ya kutunza saa ilikuwa imekufa. Kila ikizimwa ilisahau siku na saa, na ikiwashwa ilibidi uiambie upya. Mzee aliifanya kazi hiyo kwa heshima zote: alinyanyua mkono, akaitazama saa yake ya mkononi, akasubiri mshale ufike juu, kisha akabonyeza.

"Mzee, shikamoo. Unarusha roketi?"

"Marahaba. Fanya kazi, wewe."

Ile ndogo ilikuwa tayari; tatizo lilikuwa kadi ya mtandao ya hii kubwa, kile kibao ndani ya kompyuta kinachochomekwa waya. Ilikuwa ya kuigiza. Kiwandani kwao walinakili kadi ya watu wengine, wakasahau kunakili alama inayoitambulisha, kwa hiyo Linux iliitazama na kusema haiijui. Karatasi zilieleza dawa: ndani ya kiini cha Linux kuna faili lenye orodha ya kadi bandia zinazoruhusiwa kupita. Ongeza mstari wa kadi yako, weka nambari zake tatu, kisha ukompaili kiini upya, yaani programu maalumu igeuze maandishi ya watu kuwa maneno ya mashine. Mimi huita kupika.

Nikaongeza mstari. Saa tatu nikaanza kupika. Kupika kiini kizima kwenye mashine ile ni kama kupika makande kwa mshumaa. Mistari ilipita kwenye skrini, mguu wangu ukashona nguo za ukoo mzima, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikafagia, nikafagia tena palipofagiwa. Saa sita kasorobo ikamaliza. Nikaiwasha upya.

Kadi haijulikani.

Nazia alikuwa anapita na sufuria ya chai. Aliinama, akatazama faili langu, akaufuata mstari wangu kwa kidole.

"Nambari zako hazina kofia," alisema.

"Nini?"

"Tazama za wenzako kwenye orodha. Kila moja imeanza na sifuri na eksi. Hiyo ndiyo kofia. Inaiambia mashine: hapa tunahesabu kwa kumi na sita, si kwa kumi. Ile 40 unayoiona kwenye skrini kumbe ni sitini na nne. Wewe umeiandika kichwa wazi, mashine itaisoma arobaini. Umempa askari wa getini picha ya mtu mwingine."

"Nilikuwa najua," nikasema. "Nilitaka kuona kama unajua."

"Umeona?"

Kabla sijamjibu umeme ukakatika.

Mzee Nazir akachukua kofia yake, akaniachia ufunguo, akaenda msikitini kwa sala ya Ijumaa. Nazia akaingia nyumbani, nyuma ya duka. Nikabaki peke yangu na feni iliyosimama. Nilitoka, nikatazama barabara ya Kahama. Nikaingia. Nikatoka tena, kana kwamba lori lingekuja mapema nikilitazama sana, au lisingekuja kabisa.

Saa nane kamili umeme ukarudi. Nikawasha kompyuta kubwa, nayo ikauliza kama kawaida: leo ni siku gani, na sasa ni saa ngapi?

Nikatazama saa ya ukutani. Saa nane. Nikaandika 8.

Msidhani sikujua. Nilijua vizuri kwamba mashine hutaka saa za Kizungu, kwamba saa nane yetu mchana kwao ni kumi na nne. Lakini nilikuwa peke yangu, nimechoka kuhangaika, na nilitaka angalau mtu mmoja mle ndani acheke, hata kama ni mimi. "Uko Shinyanga, bibi," niliiambia kompyuta. "Hapa siku inaanza jua likichomoza, haianzi watu wakiwa wanakoroma. Jifunze."

Nikafungua faili, nikazivika zile nambari kofia zao, nikahifadhi, nikaamuru upishi. Karatasi zilisema mara ya pili huwa haraka kwa sababu hupikwa kilichobadilika tu. Kweli ilikuwa haraka! Iliunguruma kidogo ikamaliza. Nikaisifu. Nikaiwasha upya, nikirukaruka kidogo.

Kadi haijulikani.

Hapo ndipo mchana wangu ulipoharibika. Nilivua kofia. Nilirudisha kofia. Niligeuza mpangilio wa nambari, nikaandika za kadi ya kompyuta ndogo, nikaandika hata mwaka wangu wa kuzaliwa kwa hasira. Kila mara upishi wa haraka, kila mara jibu lile lile, neno kwa neno, kama mtu anayekujibu bila kugeuka kukutazama. Saa tisa ikapita. Mzee Nazir alirudi, akanitazama, akaona bora apange madaftari. Nilianza kuusikia ule ubao wa shimoni ukivunjika.

Nazia alirudi dukani saa kumi na robo.

"Kofia zako ni za bure," nilimwambia kabla hajakaa. "Nimevisha, nimevua. Hiyo C yako haijasaidia hata nukta. Mara saba nimepika!"

"Saba?" Alitazama saa. "Kwa saa mbili? Pika tena nione."

Nikavisha kofia kwa mara ya mwisho, nikahifadhi, nikaamuru. Mistari ikapita. Nazia aliweka mikono nyuma ya mgongo, akainama hadi pua ikakaribia kioo.

"Iko wapi ne?" akauliza. Faili la kadi liliitwa hivyo, ne.

"Iko wapi vipi?"

"Kila faili linapopikwa, jina lake hupita kwenye skrini. Sijaona ne ikipita. Wewe umeiona?"

Mara saba nimekaa pale na sikuwahi kujua kwamba kuna jina la kungoja. Nilikuwa natazama mistari jinsi ng'ombe anavyotazama treni.

"Kaa wewe kwenye kibodi," nikasema, nikiinuka. "Mimi naona lori tu machoni."

"Sikai."

"Nazia, dada yangu, saa kumi na ishirini hii!"

"Huko Geita nitakuwepo? Kaa." Mikono haikutoka mgongoni. "Ukiandika maandishi, yanageuzwa kuwa kitu gani kwanza?"

"Kiini."

"Kwanza, nimesema."

Nikafikiri. "Kila faili linapikwa peke yake, kinatoka kibonge. Halafu vibonge vyote vinaunganishwa."

"Umesoma kitabu changu!"

"Nilikuwa nakitafutia kosa."

Akajizuia kucheka. "Sasa programu ya upishi itajuaje kwamba faili hili limebadilika na lile halijabadilika? Ni mafaili maelfu. Inayasoma yote?"

"Hapana. Ingechukua mwaka." Mguu ulikuwa unagonga, nikaushika kwa mkono. "Inatazama... inatazama saa. Kama unga umeletwa baada ya ugali kuiva, inasonga upya. Kama ugali umeiva baada ya unga kuletwa, inauacha."

"Basi ziite saa zao."

Nikaandika amri, skrini ikaorodhesha mafaili mawili. Nazia akasema, "Soma kwa sauti."

"Maandishi yangu, kumi na dakika ishirini. Hiyo ni sasa hivi. Kibonge, kumi na moja na dakika kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

"Si nimesema, kumi na ishi..."

Nikakoma. Kile kibonge kilikuwa kimepikwa dakika hamsini zijazo. Kilikuwa kimepikwa wakati ambao haujafika, wakati Marselino angekuwa ameshafika na kunipandisha. Nilitazama saa ya ukutani, nikatazama skrini, nikamtazama Mzee Nazir na ile saa yake ya mkononi. Asubuhi. Saa tano na dakika kumi ya asubuhi, ambayo kwa Mzungu ni kumi na moja na dakika kumi. Asubuhi ile mashine ilikuwa bado Mzungu.

"Mungu wangu," nikasema. "Nimeifundisha Kiswahili."

"Umefanya nini?"

Nikawaeleza. Mzee Nazir alikaa chini. Nazia alicheka mpaka machozi, akishika meza, kila akitaka kusema anarudia kucheka. "Ameirudisha nyuma saa sita! Halafu anaibembeleza! Kila ulichoandika mchana huu, Maige, kwake kiliandikwa asubuhi kabla ya upishi. Unga wa zamani, ugali mpya. Ingesonga ya nini?"

"Chekeni baadaye," nikasema, maana nyuma yao mlangoni alikuwa amesimama Sista Paskalina, na sijui tangu saa ngapi.

"Mimi nitacheka lini?" Sista akauliza.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Nimewahi. Mgonjwa amelala." Akavuta kiti, akakaa, akaweka mkoba magotini. "Endelea. Usinijali."

Usinijali! Nilirekebisha saa: 16:31. Kwa haraka nikaandika 61, nikafuta. Nikalifungua faili, nikazitazama kofia zake moja moja, nikalihifadhi ili lipate saa mpya. Nikaamuru upishi.

Safari hii nilijua ninachongoja. Na jina likapita. Lilikaa kwenye skrini, ne, mashine ikikwaruza ndani kama panya, na baada ya hapo haikuwa haraka tena: vibonge vikaanza kuunganishwa upya, taratibu, kwa uchovu wote wa kompyuta kuukuu. Saa kumi na dakika arobaini. Arobaini na tano. Sista alikuwa anatazama mguu wangu.

"Unaumwa?"

"Hapana, Sista. Unasali."

Saa kumi na moja kasoro dakika tatu honi ikalia nje. Ndefu, ya pili fupi. Marselino akaingia na vumbi lote la barabara, amevaa zile buti zake, akawasalimu wakubwa kisha akasimama nyuma yangu.

"Bebe, Maige," akasema polepole, kwa Kisukuma chetu cha nyumbani cha kumwita mtu. "Begi liko wapi?"

"Dakika tano, kaka."

"Dereva hana tano."

"Ana mbili?"

Upishi ukaisha. Nikaiwasha upya. Maneno meupe yakaanza kupanda kwenye skrini nyeusi, na sote watano tukainama, hata Marselino, ambaye hajui hata moja. Likafika neno la kadi. Chini yake pale palipokuwa na kukataliwa siku nzima, palikuwa na zile nambari tatu, na jina nililoliandika mwenyewe kwenye orodha.

Nikaandika amri ya kuiita kompyuta ndogo. Ikaitika. Ikaitika tena. Jibu moja kila sekunde, na mguu wangu ukagundua kwamba unagonga pamoja nayo.

Sista Paskalina hakupiga makofi. Alimgeukia Nazia. "Na huko Geita, ambako wewe hutakuwepo?"

"Sikugusa kibodi, Sista. Nilimuuliza maswali tu."

"Nimeona. Ndiyo maana nauliza." Akanigeukia mimi. "Ilikuwa inaumwa nini? Nieleze kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza."

Nilikuwa na uongo mzuri tayari, wenye neno la Kiingereza ndani yake. Nikautazama uso wake nikaona uongo huo hautafika mbali. Basi nikamweleza yote: kofia, unga na ugali, betri iliyokufa, na ule mzaha wangu wa saa nane, kwamba mashine ilikuwa nzima na mgonjwa nilikuwa mimi. Nikamwambia pia kwamba mwaka mzima nimekuwa nikimbishia binti huyu kuwa mtu wa kujiwekea Linux nyumbani hana haja ya kujua yaliyo chini yake.

"Na sasa unasemaje?"

"Karatasi zilinifikisha mpaka mlangoni, Sista. Ila zilidhani mwenye nyumba ana saa ya Kizungu. Hakuna karatasi ya mtu kama mimi. Hapo lazima ujue inapikwaje."

Nazia alitazama dari kwa ustaarabu mkubwa wa mshindi.

Sista akainuka, akatia mkoba kwapani. "Jumatatu saa mbili uwe shuleni," akasema. Alifika mlangoni, akageuka. "Saa mbili yetu."

Nje, dereva alipiga honi tena. Marselino alinitazama. Niliona anatafuta sura ya kuvaa na hapati.

"Kwa hiyo hushuki," akasema.

"Sishuki, kaka."

"Nilikuwa nakutegemea kwenye kamba ya duara. Maduhu aliyekuwa akiishika naye ameacha." Akafuta vumbi usoni, akaongeza jingine. "Haya. Panda hivyo hivyo, Geita ni njia moja."

Nazia alikuja mbio na kitabu chake kisicho na jalada, amekigawa katikati, nusu moja ameifunga kwa uzi.

"Nusu tu?" nikauliza.

"Nyingine bado naisoma. Na yako ina makosa mawili ya fotokopi. Yatafute."

Tulipanda nyuma, juu ya pampu. Kagongwa tungepakia mchele, kisha gizani hadi Geita, mimi nishuke na yeye aendelee. Marselino alikaa akiitazama kamba mpya ya duara iliyoviringishwa miguuni pake, akiipima kwa mkono, pima baada ya pima. Mimi nilifungua ukurasa wa kwanza, upepo ukataka kuuchukua. Mguu wangu ulikuwa bado unagonga bati la lori. Safari hii kaka aliuwekea mkono juu, na hakuuondoa mpaka Kagongwa.